Daftari la bustani: andika kidogo, andika ukiwa bado na udongo mikononi

Watu wengi wakisikia habari ya kuweka daftari la bustani wanafikiria kitabu kizuri chenye michoro ya maua na mwandiko wa kupendeza, afu wanakinunua kweli, wanajaza kurasa za mwanzo kwa ustadi mkubwa, na miche ikianza kusumbua tu kitabu kinahamia kabatini. Mi nakwambia mapema, daftari la bustani halitakiwi kuwa zuri, linatakiwa liwe na tarehe. Kazi yake ni kumwambia mtu ambaye ameshasahau kila kitu, na huyo mtu ni wewe mwenyewe msimu ujao, nini kilipandwa, wapi, lini, na kiliishia wapi. Ukilishika hilo basi mengine ni ya kuongeza na kupunguza unavyopenda.

Manake kumbukumbu za bustani zinadanganya sana. Muulize mtu nyanya zake msimu uliopita zilianza kuiva lini, atakwambia "mapema tu", na pilipili je, "zilichelewa kidogo". Mapema kuliko nini? Zilichelewa siku ngapi? Hapo kimya. Na ukiangalia vizuri maamuzi karibu yote ya bustani yanahusu tarehe na nafasi, nisie lini, nihamishe lini, tuta lipi nisirudishe zao lile lile, aina gani niiache kabisa, sasa hayo huwezi kuyajibu kwa kukumbuka kumbuka.

Daftari lenyewe na penseli

Usihangaike na hili. Daftari la kawaida la mistari lenye jalada gumu, dogo la kuingia mfukoni au kwenye ndoo ya vifaa, linatosha kabisa. Andika kwa penseli. Wino ukipata maji unasambaa na ukurasa mzima unaharibika, penseli ikilowa inabaki vile vile. Hata lebo za kuchomeka kwenye matuta nako penseli inashinda, ile kalamu nene inayosemwa haifutiki mara nyingi jua linaila kabla msimu haujaisha, ila penseli ya kawaida kwenye kipande cha plastiki kilichokwaruzwa kidogo inasomeka mpaka mwisho.

Simu je? Simu ni nzuri kwa picha, na picha inajiwekea tarehe yenyewe, hapo haina mpinzani. Lakini kuandikia kwenye simu ukiwa na mikono ya matope, jua linawaka kiooni huoni kitu, afu ujumbe unaingia unaanza kujibu, ukikumbuka daftari umeshafika ndani na ulichotaka kuandika kimeshapotea. Kwahiyo mimi ushauri wangu ni daftari la karatasi kule bustanini, simu kwa ajili ya picha, na kama unapenda kompyuta basi msimu ukiisha ndo unahamishia tarehe muhimu kwenye jedwali ili ulinganishe kirahisi. Ukianza na jedwali la kompyuta lenye safu ishirini utachoka kabla mbegu hazijaota.

Kuna mpangilio mmoja ambao naupenda kuliko yote na watu hawaujui sana. Badala ya kuandika mfululizo kama shajara, unaupa kila ukurasa wiki moja ya mwaka, kurasa 52 basi, na kila ukurasa unaugawa vyumba vinne, chumba kimoja kwa mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza unajaza chumba cha juu tu na daftari linaonekana tupu tupu hivi. Mwaka wa pili ukifungua ukurasa wa wiki ile ile unakuta pale juu mwaka jana siku kama hizi maharage yalikuwa yameshatoa maua, na mwaka huu bado, hapo hapo bila kutafuta. Ikifika mwaka wa tatu hilo daftari linaanza kukuambia vitu ambavyo hakuna mtu mwingine anavijua kuhusu kipande chako cha ardhi.

Anza na ramani, hata kama huwezi kuchora

Ukurasa wa kwanza kabisa chora bustani. Pima kwa hatua tu, hatua kumi kwa sita sijui, chora matuta, weka mshale wa kaskazini, onyesha miti, ukuta na bomba la maji. Kila tuta lipe namba na hiyo namba isibadilike, hata ukiligawa tuta la 3 basi yawe 3A na 3B, usianze kuhesabu upya, manake ukibadilisha namba rekodi zote za nyuma zinakuwa hazina maana.

Afu weka kivuli. Siku yenye jua zuri toka asubuhi, mchana na jioni, uone kivuli kinaangukia wapi, kichore kwa mistari myepesi. Hili lirudie baada ya miezi kadhaa kwasababu njia ya jua angani inasogea kadri mwaka unavyokwenda, tuta lililokuwa na jua la kutosha mwanzoni linaweza kuja kukaa kwenye kivuli cha ukuta nusu siku, na mtu anabaki analaumu mbegu.

Kila msimu chora ramani mpya na ile ya zamani usiifute. Hapa ndo kwenye faida kubwa, yaani kama utafanya kitu kimoja tu kati ya vyote ninavyoandika humu basi fanya hiki. Nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja, magonjwa yao mengi ni yale yale na mengine yanabaki kwenye udongo baada ya mmea kung'olewa, mnyauko bakteria ni mfano mzuri. Kabichi, koliflawa na sukuma ni ukoo mwingine. Maharage, kunde na njegere wao wengine, maboga na matango na matikiti nao wa kwao, vitunguu vya aina zote nao wana wao. Ushauri wa kawaida ni kukaa miaka 3 hadi 4 kabla ukoo haujarudi kwenye tuta lile lile. Sasa niambie nani anakumbuka tuta la 5 lilikuwa na nini miaka mitatu iliyopita msimu wa pili? Hakuna. Ramani zote za nyuma zikikaa pamoja unaangalia mara moja unajua.

Siku ya kusia mbegu

Hii ndo siku ya kuandika sana kuliko zote, na bahati nzuri ndo siku ambayo mtu bado ana hamu. Andika tarehe, zao, na jina la aina kama lilivyo kwenye pakiti, usiandike "nyanya" tu manake nyanya ziko za kila namna na ukija kuzipenda hutajua utafute nini. Andika mbegu umetoa wapi, pakiti imeandikwa mwaka gani, umesia ngapi, kina gani, kwenye kitalu au moja kwa moja shambani. Pakiti yenyewe ikiisha ibandike kwenye ukurasa au uipige picha mbele na nyuma.

Idadi ya mbegu watu wanaruka, wanasema "nilisia kidogo". Hesabu. Ukisia 20 zikaota 13 umejua kitu kuhusu hiyo mbegu, ukisia "kidogo" zikaota "chache" hujajua chochote. Afu andika siku ya kwanza kuona mche unachungulia na siku ambayo karibu nusu zimeshatoka, hizo ni tarehe mbili tofauti na zote zina kazi, pengo likiwa kubwa kati yake mara nyingi mbegu zilizikwa kina tofauti au kitalu kilikauka upande mmoja.

Baada ya msimu mmoja hivi utaacha kuhangaika bure. Maharage udongo ukiwa na joto yanatoka ndani ya wiki moja hivi, karoti zinaweza kukaa hadi wiki tatu na mtu aliyezisia ameshaanza kufukua aone kama zimeoza, pilipili nazo hazina haraka. Saladi yenyewe ina tabia ya kugoma kuota udongo ukiwa wa moto sana, joto likipanda kufika kama nyuzi 30 za sentigredi wengi wanadhani mbegu mbovu kumbe ni joto. Ukiwa na tarehe zako mwenyewe unajua lini ni kusubiri na lini ni kusia upya.

Na umri wa mbegu nao uandike pembeni. Mbegu za vitunguu zinachoka haraka, baada ya mwaka mmoja au miwili usizitegemee sana, za nyanya zikitunzwa pakavu na pasipo joto zinakwenda miaka minne na zaidi. Ukiwa na wasiwasi na pakiti ya zamani weka mbegu 10 kwenye kitambaa chenye unyevu, kifunge ndani ya mfuko, kaa siku zinazotakiwa, hesabu zilizoota, andika. Zikitoka 5 basi unajua utasia mara mbili ya kawaida, huna haja ya kutupa.

Kuhamisha miche ni tarehe nyingine kabisa, usiichanganye na ya kusia. Ile "siku 75" unayoiona kwenye pakiti ya nyanya au pilipili kwa kawaida inahesabiwa toka mche ulipohamishwa, ila kwa maharage au karoti zinazopandwa moja kwa moja inahesabiwa toka siku ya kusia. Watu wanagombana na hizo namba kila msimu wakati wao wenyewe wameanza kuhesabu sehemu ambayo sio. Ukiwa na tarehe zote mbili unahesabu vizuri, na zaidi ya hapo baada ya misimu miwili unaacha kutegemea namba ya pakiti unatumia ya kwako, manake ile ya kwao ilipatikana kwenye udongo na hali ya hewa ambayo sio yako.

Mistari yenyewe iweje

Mifupi mno. Mfano wa namna inavyoweza kukaa:

"12/3. Tuta 4. Nimehamisha miche 8 ya nyanya, ina majani 5 hadi 6, sentimita 50 kati ya mche na mche. Samadi kiganja kimoja kila shimo. Jioni, mawingu."

"15/3. Tuta 4. Mche wa 3 umekatwa usiku chini kabisa, pembeni nimechimbua funza mweusi aliyejikunja. Nimeziba pengo."

"2/4. Tuta 4. Ua la kwanza, mche wa 6. Mvua mm 18 jana usiku."

Basi. Hakuna sentensi nzuri hapo, ila aliyeandika hivyo anajua mche ulikaa siku 21 toka kuhamishwa mpaka ua, anajua mahali penye wadudu wa kukata miche, anajua na nafasi aliyoacha. Tengeneza vifupisho vyako, M kwa kumwagilia, P kwa palizi, V kwa kuvuna, andika maana yake kwenye jalada la ndani ili usije kujiuliza baadae hii K ilikuwa nini.

Lini uandike? Pale pale, kabla hujanawa mikono. Wengine wanasema andika jioni ukiwa umetulia, mi siamini, jioni mtu anaandika anachodhani aliona. Ukishindwa kila siku chagua siku moja ya wiki, zunguka matuta yote kwa mpangilio ule ule wa namba, na kila tuta lipate hata maneno matatu. "Tuta 7 hakuna mabadiliko" nayo ni taarifa, ikijirudia wiki tatu mfululizo hapo kuna kitu kimedumaa.

Kuna kipindi utapitisha wiki mbili bila kuandika, ni kawaida tu, mvua, safari, uvivu. Usirudi nyuma kujaza kwa kubuni. Acha nafasi wazi andika "hapa sikuandika" afu endelea, na tarehe usiyo na uhakika nayo iwekee alama ya kuulizia, kwa mfano "kama 10/5 hivi ?". Tarehe ya kubuni ni mbaya kuliko kutokuwa na tarehe kwasababu msimu ujao utaiamini.

Mvua na joto

Kwa mvua huhitaji kifaa cha maana. Kopo lolote lenye kuta zilizonyooka na kitako bapa, liweke mahali wazi mbali na miti na maji ya paa, asubuhi ingiza rula usome milimita, mwaga, rudisha. Uzuri wa milimita ni kwamba milimita 1 ya mvua kwenye eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji kamili. Kwahiyo tuta la mita 4 za mraba likipata mm 25 limekunywa lita 100, na wewe uliyekuwa unapeleka ndoo mbili za lita 10 kila siku sasa unajua hiyo mvua imekuokolea siku ngapi. Ukiandika na ndoo zako pia, yaani "M ndoo 2 tuta 4", unaweza kuona mmea ulipata kiasi gani kwa wiki badala ya kusema "namwagilia sana tu".

Joto linasaidia zaidi kwenye kuelewa maua. Nyanya zikipata mchana wa nyuzi 32 na kuendelea na usiku usiopoa, tuseme unaobaki juu ya nyuzi 24, maua yanaanza kudondoka bila kutunga, na usiku wa baridi sana chini ya nyuzi 13 nao unaleta shida ile ile. Mtu asiyeandika anaona maua yamepukutika anakimbilia mbolea. Aliyeandika anaangalia wiki iliyopita, anaona usiku tano za joto kali zimefuatana, anatulia, anaweka kivuli na matandazo, yaani nyasi kavu za kufunika udongo, anasubiri.

Kwa wale wanaopenda hesabu kuna kitu kinaitwa joto limbikizi. Unachukua joto la juu la siku na la chini, unajumlisha unagawa kwa mbili, unatoa nyuzi 10 ambazo ndo huwa zinatumika kama msingi kwa mazao kama mahindi. Siku yenye 30 na 18 wastani wake 24, ukitoa 10 umepata 14. Ukijumlisha kila siku (siku ikitoka chini ya sifuri andika sifuri) unaona kwamba zao lililochukua siku nyingi zaidi msimu huu lilikusanya karibu joto lile lile kama la msimu uliopita, kumbe halikuchelewa ila siku zenyewe zilikuwa za baridi. Sio lazima, ila ukiingia humo utapenda.

Na wale wanaopanda kwa kufuata mwezi wa angani waandike tu na huo mwezi ulikuwaje siku hiyo, misimu kadhaa daftari litasema lenyewe bila ubishi.

Magonjwa na wadudu: andika macho yako yanachoona

Hapa kuna tabia moja lazima uwe nayo makini. Usiandike jina la ugonjwa kabla hujaandika unachokiona. "Bakajani", yaani ugonjwa wa mabaka kwenye majani ya nyanya na viazi, ni hitimisho, na hitimisho linaweza kuwa sio. Andika majani ya chini au ya juu, machanga au makongwe, madoa rangi gani, yana duara ndani ya duara au yameenea kama yamemwagiwa maji ya moto, chini ya jani kuna ukungu mweupe au hakuna, mimea mingapi kati ya mingapi, na siku tano zilizopita hali ya hewa ilikuwaje. Bakajani chelewa kwa mfano anapenda unyevu na ubaridi, anaenea haraka sana kwenye siku kama hizo, kwahiyo ukishaona kwenye daftari kwamba kila alipotokea zilitangulia siku kadhaa za mawingu na majani kulowa, unajua siku zikija kama zile ni lini uanze kukagua kila asubuhi badala ya kungoja wiki. Piga picha pia, jani mbele na nyuma, na kitu cha kuonyesha ukubwa pembeni hata kidole.

Mfano mwingine ni lile doa jeusi la kuzama linalotokea kitakoni mwa nyanya, kuoza kitako wanaita. Watu wanapulizia dawa wakati hakuna kimelea pale, ni kalsiamu haikufika vizuri kwenye tunda, na sababu kubwa mara nyingi ni maji kuja kwa vipindi, leo mengi kesho kutwa hamna. Ukirudi kwenye mistari yako ya M utaona pengo lenyewe limekaa pale, siku nne tano bila maji afu siku moja ndoo sita.

Wadudu nao ni hivyo hivyo, tarehe ya kwanza kuona vidukari, inzi weupe, viwavi, kwenye mmea gani, upande gani wa bustani. Na wale wadudu wanaokula vidukari nao waandike, ukiona wameanza kujaa unaweza kuamua kutokupulizia kabisa. Nyuki pia, siku wanapoanza kuja kwenye maua ya maboga ni tarehe muhimu kama unataka kujua kwanini maboga madogo ya mwanzo yalinyauka.

Ukipulizia dawa yoyote, hata ile ya kutengeneza mwenyewe nyumbani, hapo kuandika sio hiari. Tarehe, jina, kiambato kilichoandikwa kwenye chupa, kipimo kwa lita ngapi za maji, tuta lipi, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna kama lebo inavyosema. Hesabu kabisa ile tarehe ya kuruhusiwa kuvuna uiandike kwa herufi kubwa, afu chomeka na kibao kwenye tuta, manake sio wewe peke yako unayechuma kwenye hiyo bustani.

Tarehe za kwanza kwanza

Kuna kundi la tarehe fupi ambazo zinaonekana hazina kazi, ua la kwanza, tunda la kwanza kutunga, chipukizi la kwanza la mti ule wa pembeni, ndege fulani kuanza kusikika. Ziandike. Kule Uingereza, Norfolk, Robert Marsham alianza mwaka 1736 kuandika dalili za majira kama majani ya miti kuchipua na ndege kurudi, familia yake ikaendelea mpaka 1958, na sikuizi wanasayansi wanazitumia kuona jinsi majira yanavyosogea. Kyoto kule Japani tarehe za kuchanua kwa miti ya cheri zimeokotwa kwenye shajara za watu wa makasri toka karne ya 9, na wale walioziandika wala hawakuwa na mpango wa sayansi yoyote, walikuwa wanaandika sherehe zao za kutazama maua. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, naye alianza kumbukumbu zake za bustani tarehe 30 Machi 1766 kwa mstari mmoja tu kwamba ua fulani la zambarau limeanza kuchanua, akaendelea mpaka 1824. Mstari mmoja, ndo ninachosisitiza.

Kwa bustani ya kawaida matumizi yake ni ya karibu zaidi. Baada ya miaka michache unaanza kuona kwamba mti fulani ukichipua basi udongo wako umeshapata joto la kusia maharage, na huo mti unakuwa wa kuaminika kuliko kalenda kwasababu nao unasikia joto na unyevu ule ule, wakati kalenda yenyewe haijui kama mwaka huu mvua imechelewa.

Majaribio na mavuno

Ukitaka kujua kama kitu kinafanya kazi, mboji fulani, matandazo, nafasi pana zaidi, badilisha kitu kimoja tu na uache mimea kadhaa bila kubadilisha, tuta lile lile, siku ile ile, aina ile ile. Mtu anaweka mboji mpya, anabadilisha mbegu, anaongeza maji, afu mavuno yakiwa mazuri anasifia mboji. Andika mimea ipi ilipata na ipi haikupata, na uweke alama kwenye mimea yenyewe, usitegemee kukumbuka kuwa ni "ile ya kushoto", kushoto kunategemea umesimama wapi.

Mavuno pima kwa mizani kama unayo, kama huna tumia ndoo au bakuli moja ile ile kila siku, au hesabu matunda. Andika kila chumo na tarehe yake, jumla utaifanya baadae. Kinachoshangaza wengi ni kwamba mmea unaosifiwa kwa matunda makubwa ukijumlisha unakuta umezidiwa mbali na ule wenye matunda madogo uliochumwa kila siku ya tatu kwa miezi miwili. Pembeni andika ladha, ngozi ngumu au laini, na yalikaa siku ngapi bila kuharibika, hayo mizani haisemi.

Msimu ukiisha kaa na daftari lote usome kuanzia mwanzo, ukiwa na rangi mbili tatu za kupigia mistari. Mwisho wake jaza ukurasa mmoja wenye majibu mafupi tu: zipi narudia, zipi naacha na kwanini, tarehe gani nisogeze mbele au nyuma na kwa siku ngapi, mbegu gani nimebakiza na za mwaka gani. Huo ukurasa ndo utakaoufungua kabla ya kununua mbegu msimu ujao, kwahiyo ukunje pembe au ubandike karatasi ya rangi uonekane.

Na kama sasa hivi uko katikati ya msimu na mimea imeshasimama usisubiri msimu mpya. Leo chora ramani ya kilichopo, kila tuta andika zao, urefu wa mmea mmoja wa katikati, una maua au hauna, afya yake ikoje, piga picha toka kona moja ambayo utaitumia kila wiki, na kwenye nafasi ya tarehe ya kupanda kama huijui weka alama ya kuulizia uendelee na tuta linalofuata.